Peptidi za kuzibia kingamwili kwa protini za kiini cha seli: kuanzia kichupa hadi membreni

Umetenganisha protini kwa ukubwa kwenye jeli, ukazihamishia kwenye membreni na kuzitafuta kwa kingamwili (western blot), ukapata mstari mweusi kwenye kilodaltoni 17 (kipimo cha uzito wa protini), palepale ulipoutarajia, kutoka kwenye damu ya samaki kuhe aliyeshushwa mwaloni Kibirizi, Kigoma, asubuhi. Kingamwili uliyotumia ilitengenezwa kwa ajili ya histoni H3 ya binadamu, moja ya protini zinazozungushiwa DNA ndani ya kiini. Sasa unataka kujua mstari huo umeletwa na nini: ni mkono wa kingamwili uliokamata kile ulichofundishwa kukamata, au ni jambo jingine kabisa, kama kingamwili ya pili (ile inayoishika ya kwanza ili mstari uonekane) kushika ovyo, au globini za damu kujazana mahali hapohapo kwenye jeli? Peptidi ya kuzibia hujibu swali hilo kwa siku mbili na kwa gharama ndogo. Kwa maabara iliyo Kigoma au Tabora, mbali na wauzaji wa vitendanishi, ni kipimo kinachofaa sana, mradi ukifanye kwa hesabu na usikidai zaidi ya kinachoweza kusema.

Kinachopimwa, na kisichopimwa

Kingamwili ya kawaida (IgG) ina mikono miwili, na kila mkono una mfuko unaokamata kipande kidogo tu cha protini. Peptidi ya kuzibia ni nakala ya kipande hicho, imeundwa kikemia asidi amino moja baada ya nyingine, kwa njia ambayo Bruce Merrifield aliieleza mwaka 1963. Ukiichanganya kingamwili na peptidi nyingi kabla ya kuimwaga kwenye membreni, mifuko inajaa na haibaki nafasi ya kushika protini yenyewe. Mstari uliotokana na mifuko hiyo unatoweka. Mstari uliotokana na sababu nyingine unabaki.

Hapo ndipo mpaka wake ulipo. Peptidi inakuambia kwamba mstari umeletwa na mfuko unaotambua mfuatano huo. Haikuambii kwamba protini iliyo kwenye mstari ndiyo unayoitafuta, kwa sababu protini nyingine yenye mfuatano unaofanana nayo itazibwa vilevile. Mfano uko ndani ya H3 yenyewe: asidi amino ya 7 hadi ya 10 ni ARKS (kila herufi ni asidi amino moja: A alanini, R arginini, K lisini, S serini), na ya 25 hadi ya 28 pia ni ARKS. Kingamwili ya lisini ya 9 iliyotiwa methili (alama ndogo ya kikemia) inaweza kushika lisini ya 27 iliyotiwa methili, na peptidi ya lisini ya 9 itafuta ishara zote mbili bila kukuonyesha kosa. Mwaka 2016 kundi la kimataifa la wataalamu lilipendekeza njia 5 za kuhakiki kingamwili: kuondoa au kupunguza jeni husika, kulinganisha na kipimo kisichotumia kingamwili, kutumia kingamwili nyingine inayoshika sehemu tofauti, kutumia protini yenye lebo, na kuinasa protini kisha kuitambua kwa masi spektrometa, mashine inayopima uzito wa molekuli. Peptidi ya kuzibia haimo kwenye orodha hiyo. Ni kilinganishi kizuri, nayo iandikwe kwenye ripoti kwa jina hilo.

Kabla ya kuagiza

Soma karatasi iliyokuja na kingamwili, sehemu inayotaja antijeni iliyotumika kumchanja mnyama. Ikisema ni peptidi, na hasa ikitaja nambari za asidi amino, uko salama. Ikisema ni protini nzima au kipande kikubwa kilichozalishwa kwenye bakteria, peptidi fupi haitakusaidia, kwa kuwa seramu itakuwa na kingamwili za sehemu nyingi na peptidi itaziba chache tu. Hapo tumia protini yenyewe kuzibia. Kwa kingamwili ya monokloni (ya aina moja tu) iliyotokana na kuchanja kwa protini nzima, epitopu yake, yaani kipande inachokamata, huenda ni umbo lililokunjwa, na peptidi iliyonyooka haiwezi kuiga umbo hilo. Wauzaji wengi hawatangazi mfuatano, lakini huuza peptidi inayolingana na kingamwili yao. Nunua hiyo badala ya kubahatisha.

Anayefanya kazi na samaki wa Ziwa Tanganyika ana kazi moja zaidi: kulinganisha mfuatano wa peptidi na wa samaki. Jenomu ya Neolamprologus brichardi, samaki wa ziwa hili, ilichapishwa mwaka 2014 pamoja na za ndugu zake wanne, akiwemo Pundamilia nyererei wa Ziwa Viktoria aliyepewa jina la Mwalimu. Data hizo ni za wazi na zinasomeka hata kwa kifurushi kidogo cha intaneti. Histoni H3 karibu haijabadilika kati ya samaki na mtu. PCNA, protini ya kiini inayosaidia kunakili DNA, nayo imehifadhika sana. Protini zinazowasha na kuzima jeni ni habari nyingine: sehemu inayoshika DNA hufanana, lakini mikia hutofautiana mno, na watengenezaji wa kingamwili hupenda mikia kwa sababu iko nje na inafikika. Tofauti moja katikati ya epitopu yaweza kuua mshiko wote. Katika hali hiyo peptidi ya binadamu itaziba kingamwili barabara, lakini mstari unaoufuta kwenye sampuli ya samaki huenda ni wa protini nyingine iliyoshikwa kwa bahati mbaya.

Ukiagiza peptidi ya kutengenezewa, urefu wa asidi amino 15 hadi 20 unatosha, na usafi wa asilimia 80 unatosha pia. Usilipie asilimia 98 kwa kazi hii. Kama kipande kimetoka katikati ya protini, omba ncha ya mwanzo itiwe asetili na ya mwisho itiwe amidi, ili kusiwe na chaji ambazo protini nzima haina mahali hapo. Mkia wa H3 ni tofauti: mwanzo wake halisi ni alanini ya kwanza iliyo wazi, kwa hiyo ncha hiyo iachwe wazi. Sisteini inayoongezwa ili kuunganisha peptidi na protini ya kubebea wakati wa kuchanja haina kazi kwenye kuzibia. Iondoe, maana peptidi mbili zitashikana kwa salfa zao na kuharibu hesabu yako.

Na agiza peptidi ya pili: asidi amino zilezile, mpangilio umevurugwa. Watu wengi huiacha ili kuokoa fedha, na kwa protini za kiini hilo ndilo kosa ghali kuliko yote. Protini nyingi za kiini zina lisini na arginini tele, kwa sababu hukaa na DNA au hubeba anwani ya kuingilia kwenye kiini, kama ile PKKKRKV ya kirusi cha SV40. Peptidi yenye chaji chanya nyingi hunata kwenye DNA, kwenye membreni na kwenye kuta za kichupa, na inaweza kupunguza au kuongeza ishara bila kugusa mfuko wowote wa kingamwili. Iliyovurugwa ina chaji ileile. Ikifuta mstari nayo, ujue ni chaji inayofanya kazi, wala si mfuatano.

Peptidi ikifika

Omba iletwe ikiwa imekaushwa kwa baridi. Unga mkavu huvumilia siku kadhaa za joto la kawaida, hata ukikaa kwenye kifurushi kutoka Dar es Salaam kwa Reli ya Kati, kilomita 1,254 hadi Kigoma. Peptidi iliyokwisha kuyeyushwa haivumilii hivyo, na barafu kavu huisha njiani.

Iweke kwenye friza ya -20 kama ilivyo. Siku ya kuitumia, itoe na uiache mezani imefungwa kwa dakika 30 hadi 60. Tazama kioo cha kichupa: kwa unyevu wa kando ya ziwa kitafanya ukungu mara moja, halafu matone. Ukifungua wakati huo, maji yale yale yanaingia kwenye unga. Subiri kichupa kikauke chenyewe nje. Kisha kizungushe kwenye sentrifuji kwa sekunde 30 kabla ya kufungua, kwa maana miligramu moja ya peptidi si rundo la unga. Mara nyingi ni utando mweupe mwembamba uliobandika ukutani, au chembe inayorukaruka kwa umeme tuli na kutoka nje kifuniko kinapofunguka. Kichupa kinachoonekana kitupu si lazima kiwe kitupu. Mimina kiyeyusho ndani yake na ukizungushe kigusie kuta zote.

Kuchagua kiyeyusho ni hesabu ya chaji. Kila K na R ni +1, kila D na E (asidi ya aspatiki na ya glutamiki) ni -1, ncha ya mwanzo iliyo wazi ni +1, ya mwisho iliyo wazi ni -1. Jumla ikiwa chanya, tumia maji safi yaliyochujwa. Ikigoma, ongeza tone la asidi ya asetiki ya asilimia 10. Jumla ikiwa hasi, tumia amonia bikaboneti ya 0.1 M. Peptidi isiyopenda maji iyeyushwe kwanza kwenye kiyeyusho cha DMSO kidogo, kisha maji yaongezwe polepole, lakini yenye sisteini au methionini isitiwe DMSO kwa kuwa inaweza kuioksidisha. Kwa peptidi ya namna hiyo, kiyeyusho cha DMF ni bora.

Chukua mkia wa H3, asidi amino 1 hadi 21: ARTKQTARKSTGGKAPRKQLA. Ina arginini 3, lisini 4, na mwanzo ulio wazi, haina hata asidi moja hasi ndani yake. Inayeyuka kwa maji bila shida. Uzito wake ni takriban daltoni 2,255.

Peptidi hiyohiyo inaonyesha jambo ambalo huwapita wengi. Uzito ulioandikwa kwenye lebo kwa kawaida ni wa unga wote, pamoja na chumvi ya TFA (asidi ya trifluoroasetiki) iliyobaki kutoka kwenye usafishaji. Sehemu chanya ni 8, na kila moja hushika TFA moja yenye daltoni 114, jumla 912. Gawanya 2,255 kwa 3,167, unapata asilimia 71. Yaani katika miligramu moja ya unga, peptidi halisi ni kama miligramu 0.71, na hapo bado hujatoa maji. Kadiri protini inavyokuwa na lisini na arginini nyingi, ndivyo hasara hii inavyokua. Lebo ikitaja kiwango halisi cha peptidi, tumia hicho.

Yeyusha iwe miligramu 1 ya unga kwa mililita 1, kisha gawa mikrolita 60 kwenye vichupa vya plastiki ya polipropilini. Kioo hakifai kwa peptidi zenye chaji chanya, hunata. Kila kichupa kiyeyushwe mara moja au mbili tu. Friza zinazojiondolea barafu zenyewe zina mzunguko wa kupasha joto kidogo na zinaharibu vitu vidogo kama hivi. Iwapo una friza ya namna hiyo pekee, weka vichupa ndani ya boksi la povu lenye vifuko vya jeli iliyoganda. Boksi hilohilo ndilo litakalokuokoa umeme ukikatika. Umeme ukichelewa kurudi, changanya barafu iliyopondwa na chumvi ya mezani, sehemu 3 kwa 1 kwa uzito: inashuka hadi karibu -20 na kukaa hapo kwa saa kadhaa.

Sampuli: damu ya samaki kama mfano

Chembe nyekundu za damu za samaki zina viini, tofauti na zetu. Kwa mtu wa histoni hiyo ni neema, kwani mikrolita 50 za damu zinatoa viini vingi kuliko kipande cha ini, na hakuna tishu ya kusaga. Taabu yake ni globini. Zina kilodaltoni kama 16, jirani kabisa na H3, na zipo kwa wingi wa kutisha.

Chukua damu kwenye kichupa chenye EDTA au hepalini, kiweke kwenye barafu. Osha chembe mara 3 kwa PBS baridi (maji ya chumvi yenye pH thabiti), 500 g, dakika 5. Zitie kwenye mililita 1 ya bafa hafifu (HEPES 10 mM ya pH 7.9, magnesi kloridi 1.5 mM, potasi kloridi 10 mM, DTT 0.5 mM, NP-40 asilimia 0.5, pamoja na vizuia protisi), ziache kwenye barafu dakika 10, kisha zizungushe 1,000 g kwa dakika 5. Maji ya juu yatakuwa mekundu kama rangi ya rozela. Mwaga, rudia na bafa mpya, na uendelee mpaka maji yawe meupe na mashapo yapoteze wekundu. Mara 3 au 4 kwa kawaida. Kuacha mashapo ya waridi kwa sababu ya uchovu ndiko kunakoleta mstari mpana uliopinda kwenye kilodaltoni 16, ambao hakuna peptidi itakayoufafanua.

Kama unataka histoni, mashapo yatie mikrolita 400 za asidi hidrokloriki ya 0.2 M, laza usiku kucha kwa nyuzi 4. Chumvi ya 420 mM inayotumika kutoa protini nyingine za kiini haitoi histoni, nazo hubaki zimeng'ang'ania DNA. Kesho yake zungusha 12,000 g kwa dakika 10, chukua maji ya juu, punguza asidi kwa hidroksidi ya sodi ya 2 M, sehemu moja kwa kumi. Ukiongeza bafa ya kupakilia na rangi yake ya bluu ikageuka njano, asidi bado ipo: tone la Tris ya pH 8.8 litairudisha bluu.

Kwa protini zisizo histoni, usimimine sabuni ya SDS juu ya viini vizima bila kukata DNA kwanza. Sampuli itavutika kama mlenda, haitaingia kwenye kisima cha jeli, na itavuta jirani zake. Tumia sauti ya sonikata mara chache fupi kwenye barafu, au nukliezi, kimeng'enya cha kukata DNA.

Kutafuta kiasi cha kingamwili cha kutumia

Usianze kuzibia kabla ya kujua mzimuo unaofaa, yaani kingamwili ichanganywe na bafa kiasi gani. Jaribu 1:500, 1:1,000, 1:2,000 na 1:5,000 kwenye vipande vya membreni moja, uchague wenye kingamwili kidogo kabisa ambao bado unatoa mstari wazi. Sababu kubwa ya kuzibia kushindwa ni kingamwili iliyozidi. Ukitumia mara tano ya inayohitajika, hata kuziba asilimia 80 ya mifuko kutaacha ya kutosha kuleta mstari uleule.

Kuzibia kwenyewe

Tuseme kingamwili ni miligramu 1 kwa mililita, mzimuo 1:1,000, na kila membreni inahitaji mililita 5. Hiyo ni mikrolita 5, yaani mikrogramu 5 za kingamwili. Peptidi ianzie mara 5 kwa uzito: mikrogramu 25, yaani mikrolita 25 za ile akiba ya miligramu 1 kwa mililita.

Mara 5 kwa uzito inasikika ndogo, lakini kingamwili ina daltoni 150,000 na peptidi ina kama 2,000. Mikrogramu 5 za kingamwili ni pikomoli 33, mifuko pikomoli 67. Mikrogramu 25 za peptidi ni pikomoli 12,500. Kila mfuko una peptidi 187 zinazougombea. Hata ukitoa uzito wa TFA, kwa ile ya H3 bado zinabaki zaidi ya 100. Kwa hiyo mara 5 isipofaulu, jaribu mara 10, na hapo ndipo pa kuishia. Kupanda hadi mara 50 kunaongeza unato wa chaji tu, wala hakuongezi ukweli.

Tengeneza mchanganyiko mmoja wa kingamwili kwa vichupa vyote, usipime mikrolita 5 mara tatu, maana kosa dogo la pipeti litaonekana kama matokeo. Kwa vichupa vitatu: kingamwili mikrolita 16.5 ndani ya mikrolita 1,551 za TBS (bafa ya Tris na chumvi) yenye albumini ya ng'ombe asilimia 1. Gawa mikrolita 475 kila kimoja. Kwenye A ongeza mikrolita 25 za kiyeyusho kitupu, kilekile ulichoyeyushia peptidi. Kwenye B mikrolita 25 za peptidi. Kwenye C mikrolita 25 za iliyovurugwa. Vyote sasa ni mikrolita 500.

Vizungushe polepole kwa saa 1 hadi 2 kwenye joto la chumba, au usiku kucha kwa nyuzi 4. Miongozo ikisema joto la chumba inamaanisha nyuzi 20 hadi 25. Tabora mwezi wa Oktoba chumba kisicho na kiyoyozi kinapita hapo bila wasiwasi, hivyo kwa miezi ya joto chagua usiku kucha kwenye friji. Ujazo mdogo wa mikrolita 500 una maana yake: kingamwili na peptidi vikutane vikiwa vizito ndipo vizimuliwe.

Zungusha 12,000 g, dakika 10, nyuzi 4, ukielekeza bawaba ya kifuniko upande wa nje ili ujue mashapo yako wapi. Hutayaona, mikrogramu 5 hazionekani kwa macho. Chukua mikrolita 450 za juu, acha 50 chini. Ziongeze kwenye mililita 4.5 za bafa ya kuzimulia. Mzimuo unakuwa kama 1:1,100, sawa kwa vichupa vyote, na usawa huo ndio unaohitajika. Ukiruka hatua hii, vibonge vya kingamwili iliyoganda vitatua kwenye membreni kama madoa meusi.

Membreni

Pakia sampuli zilezile mara nne kwenye jeli moja: kwa histoni, jeli ya asilimia 15 na membreni ya tundu la mikromita 0.2, kwa sababu protini ndogo hupenya ya 0.45. Mikrogramu 1 hadi 2 za histoni zilizotolewa kwa asidi zinatosha kila kisima. Kwa kiini kizima 10 hadi 20. Baada ya kuhamisha, paka Ponceau, rangi inayoonyesha protini zote, hakikisha visima vinalingana, kisha ukate vipande vinne kwa wembe mpya. Tatu ni za A, B na C. Cha nne hakipati kingamwili ya kwanza, kinapata ya pili peke yake, nacho ndicho kitakachokuambia kama kuna mstari ambao hauhusu kabisa kingamwili unayoichunguza.

Usitumie membreni moja, ukaivua kingamwili na kuitumia tena na peptidi. Kuvua huondoa na protini pia, na mstari uliofifia hutajua umefifishwa na nini.

Kila kipande kiwe na bakuli lake hadi mwisho wa kuosha, na kibano chake. Tone la B likiingia kwenye A limebeba peptidi huru. Bafa za kingamwili ya pili zisiwe na azidi ya sodi, kwani huzima HRP, kimeng'enya kilichobebwa na kingamwili hiyo ambacho huleta ishara. Mwisho, panga vipande vyote vinne bega kwa bega na uvipige picha pamoja, kwa muda mmoja. Picha nne zenye mwanga tofauti hazilinganishwi.

Kusoma matokeo

Mstari upo kwenye A na C, haupo kwenye B, na kipande cha nne ni cheupe: mfuatano ndio unaoshikwa. Mistari mingine inayobaki kwenye B ni takataka, na sasa unajua ipi ya kupuuza.

Umefutika kwenye B na C pia: ni chaji, au peptidi imenata kwenye membreni. Kama ulipanda hadi mara 10, rudi kwenye mara 5, ongeza chumvi ya bafa hadi 300 mM, rudia.

Haukufutika popote. Anza na mambo mepesi: peptidi iliyeyuka kweli? Mzimuo wa kingamwili si mzito mno? Kisha ndipo ushuku kwamba peptidi si ya kingamwili hiyo. Njia ya haraka ya kuamua ni kudondosha mikrolita 1 ya peptidi yenye mikrogramu 1 kwenye membreni kavu ya nitroselulosi, iache ikauke, halafu uipime kwa kingamwili kama kawaida. Doa likitokea, kingamwili inaijua peptidi, na tatizo liko kwenye kiasi. Lakini peptidi fupi huweza kuoshwa isishike, kwa hiyo kukosa doa si hukumu.

Mistari miwili imefutika, mmoja mahali pake na mwingine pasipo pake. Usikimbilie kuuita wa pili uchafu, wala usiuite aina ndogo ya protini hiyohiyo bila ushahidi. Mfano, protini ya kiini PARP1 ya kilodaltoni 116 hukatwa seli inapokufa na kuacha kipande cha 89. PCNA ina uzito wa 29 kwa hesabu lakini husimama kwenye 36. Protini p53 ina karibu 44 na husimama kwenye 53. Uzito kwenye jeli hauaminiki hadi umejua tabia ya protini. Kwa mstari usioeleweka, kingamwili tofauti inayoshika sehemu nyingine ya protini ndiyo jibu, si peptidi zaidi.

Alama za fosforasi na methili

Kwa kingamwili inayotambua alama, peptidi mbili zinahitajika: yenye alama na isiyo nayo. Yenye alama ifute mstari, isiyo nayo isiufute. Zikifuta zote mbili, kingamwili haioni alama, inaona mfuatano. Kwa methili, ongeza peptidi yenye methili moja na mbili kama unatafuta tatu, na ile ya ARKS nyingine. Sampuli ziwe zimetolewa pamoja na floraidi ya sodi 10 mM na vanadati 1 mM kwa fosforasi, na membreni izibwe kwa albumini badala ya maziwa, kwa kuwa kazeini ya maziwa yenyewe imejaa fosforasi.

Kwenye slaidi

Kanuni ni ileile, ila formalini inaleta jambo lake. Aldehidi zilizobaki kwenye tishu hukamata lisini, na peptidi ya protini ya kiini imejaa lisini. Peptidi ikibandika kwenye tishu na kingamwili ikaishika hapo, slaidi iliyozibwa itawaka kuliko isiyozibwa. Zima aldehidi kwanza kwa glisini ya 0.1 M, dakika 15. Toboa kwa Triton X-100 ya asilimia 0.3, dakika 10, la sivyo kingamwili haifiki ndani ya kiini. Kama unatumia HRP, zima peroksidezi ya damu kwa haidrojeni peroksidi ya asilimia 3 kwa dakika 10. Paka DAPI, rangi inayong'arisha DNA, kwenye slaidi zote, maana ishara iliyo nje ya duara la DAPI kwa protini inayokaa kiini ni alama ya kusimama na kuangalia upya. Tumia vipande vinavyofuatana vya tishu moja, na mashine ya picha isiguswe mipangilio kati ya slaidi.

Kwenye kila kichupa cha peptidi kinachorudi kwenye friza, andika kwa penseli juu ya karatasi ya utepe: mfuatano, miligramu kwa mililita baada ya kutoa TFA, tarehe ya kuyeyusha, na kistari kimoja kwa kila mara kilipotolewa. Vistari vikifika viwili, chukua kichupa kipya.